Ndoo Iliyomwagwa Pembeni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na muhula nao umeanza leo. Mwalimu wa fasihi aliingia darasani bega moja limelowa, akaandika ubaoni neno moja: TAHAKIKI. Akauliza nani anajua maana yake. Rafiki yangu Kasuku, tuliyempa jina hilo kwa sababu akinyamaza tunadhani anaumwa, akainua mkono.

"Ni kusema kitu ni kibaya, Mwalimu, kwa maneno marefu."

Darasa zima tuliangua kicheko, na Mwalimu naye akacheka. Kisha akasema hapana. Tahakiki ni kukitazama kitu mpaka kikubali kukuambia kimetengenezwaje. Kila mmoja wetu achague kazi moja, iwe kitabu, wimbo au filamu, aifuatilie msimu huu wote wa mvua: watu wanasema nini juu yake, na yeye mwenyewe anaona nini. Itakayoshinda itapelekwa kwenye ukurasa wa vijana wa gazeti.

Kasuku alichagua wimbo, kwa sababu ni mfupi. Mimi nimechagua filamu. Sikuwa na haja ya kufikiri sana, maana Baba yangu yumo ndani yake.

Alhamisi, 6 Machi

Naeleza vizuri, kwa sababu Mwalimu anasema msomaji asiachwe mlangoni.

Baba alikuwa askari jela tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Baada ya kustaafu alikaa kibarazani akipanga upya vitu vilivyokwisha kupangwa. Mama alikuwa akisema nyumba yetu imekuwa gereza la mfungwa mmoja. Ndipo akaja mtu mmoja, Mwongozaji wa filamu, akitafuta watu wanaojua maisha ya jela. Baba akaenda kumsikiliza tu, akarudi akiwa mwigizaji. Tangu siku hiyo anaimba akioga.

Filamu inaitwa *Cheka, Mfungwa*. Ni kichekesho cha kisasi. Mkuu wa gereza, ambaye wafungwa wanamwita Bwana Jela, huwapanga mstari kila asubuhi na kuwatolea vichekesho vilivyochacha. Asiyecheka anasugua mitaro. Wafungwa wanapanga njama, na siku anapokuja mgeni mkubwa, kila ubaya aliowafanyia unamrudia mmoja mmoja mbele ya mgeni huyo. Mwisho kabisa anakwama ndani ya shimo la maji, na mfungwa mmoja mzee, asiyesema neno filamu nzima, anasimama juu yake na ndoo ya maji machafu.

Huyo mfungwa mzee ndiye Baba. Askari kavaa nguo za mfungwa! Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Ndivyo Mwongozaji alivyotaka. Mimi nafuata amri."

Filamu ya pili itafuata. Mwongozaji amesema ataangalia kwanza hii imepokelewaje, ndipo achague watu wake. Baba anapiga pasi shati lake jeupe kila asubuhi, kana kwamba ataitwa kabla ya chai.

Jumamosi, 8 Machi

Leo onyesho la kwanza. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la magunia. Viti ni vya mbao, vya kukunja, na ukikaa vibaya vinakukunja wewe. Paa ni la bati. Mama alivaa vitenge vyake vipya, Baba shati jeupe, nami nilibeba daftari.

Watu walicheka mpaka mzee mmoja nyuma yetu akaomba wamngoje apumue. Bwana Jela ni mtu wa kuogofya na kuchekesha kwa pamoja. Unamcheka, halafu unageuka kuangalia kama amekuona.

Kisha ikafika ile ndoo. Ukumbi mzima ulisimama. "Mwaga! Mwaga! Mwaga!" Hata Mama alikuwa anapiga kelele. Pale kwenye pazia la picha, Baba akainua ndoo, Bwana Jela akamtazama kutoka shimoni, na Baba akasimama vile vile, ndoo hewani. Akasita. Akasita mno. Halafu akaimwaga pembeni, maji yakamlowesha miguu yake mwenyewe.

"Aaah!" walisema watu wote, kama mtu aliyenyang'anywa kijiko mdomoni.

Tulipotoka, watu walimzunguka aliyeigiza Bwana Jela. Kumbe ni fundi viatu, ana kibanda ubavuni mwa ukumbi. Mama wa tiketi alikataa kumpa mkono: "Wewe nenda huko, mtu mbaya we!" Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. Baba hakuna aliyemsemesha, isipokuwa kijana mmoja aliyeuliza, "Mzee, vipi, ndoo ilikuwa nzito?"

Baba alitembea mbele yetu njia nzima.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa. Baba hakuimba.

Jumatano, 12 Machi

Tahakiki ya gazeti imetoka. Baba alilinunua yeye mwenyewe, akalikunja, akaliweka mezani, akasema miwani yake ina ukungu, nimsomee mimi. Nilisoma kama tunavyosoma darasani, kwa sauti, nikifuata vituo. Kosa langu. Ningelipitia kwanza kimya ningejua pa kukohoa.

Mhakiki anaandika kwamba filamu ni nzuri lakini inaogopa kicheko chake yenyewe. Anamsifu sana Bwana Jela. "Kuna ukatili usiofundishika. Bila shaka mtu huyu aliwahi kuvaa sare hiyo maishani." Hapo Baba alitoa sauti ndogo puani, sikujua kama ni kicheko. Nikaendelea: "Kinyume chake, mzee anayeigiza mfungwa wa ndoo hajui hata harufu ya jela. Anasimama wima mno, kama mtu ambaye hajawahi kumwogopa yeyote. Na pale mwisho, tulipomngoja atupe haki yetu, alisahau la kufanya, akakimwaga kichekesho chote chini."

Nililiweka gazeti mezani. Mama alikuwa anamenya vitunguu.

"Endelea," akasema Baba.

"Imekwisha, Baba."

"Imekwisha hapo?"

"Ndiyo."

Akachukua gazeti, akalikunja kwa mstari ulionyooka. "Anaandika vizuri," akasema, akatoka nje na mvua yote ile.

"Mwanangu," Mama aliniambia, "siku nyingine ukiona ukurasa umeelekea bondeni, uwe na kikohozi."

Ijumaa, 14 Machi

Redioni leo mhakiki mwanamke, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto alale, alisema *Cheka, Mfungwa* itafaa sana kutazamwa na familia, ila mtu aondoke kabla ya ndoo. Baba akaizima. "Betri zimekwisha," akasema.

Redio yetu ni ya umeme wa ukutani.

Jumatatu, 17 Machi

Shuleni wamebuni mchezo. Mtu akitaka kunywa maji anainua kikombe, anasita, anakimwaga pembeni, na wenzake wanaimba "Aaah!" Kasuku aliwafanyia onyesho zima wakati wa mapumziko. Aliponiona akashusha kikombe.

"Samahani. Si nilisahau ni mzee wako?"

"Ulikumbuka."

"Nilikumbuka baadaye! Lakini sema kweli, wewe mwenyewe ulipiga kelele amwage au hukupiga?"

Nilipiga. Hilo ndilo linalonisumbua.

Jumanne, 18 Machi

Nimempa Mwalimu rasimu ya kwanza. Nilijitahidi kuwa mkali kama mhakiki wa gazeti, nikaandika "mwigizaji huyu" kila mahali. Aliisoma amesimama.

"Huyu wa ndoo umemwandika kama mtu unayemkimbia. Ni nani yako?"

"Ni baba yangu, Mwalimu."

Hakushtuka. Alifikiri kidogo, akasema: "Mhakiki hana baba, wanasema. Lakini wewe unaye, tufanyeje sasa? Watu wote wameandika kwamba alikosea. Hakuna aliyeuliza kwa nini Mwongozaji hakulikata kosa hilo. Filamu si jiwe, binti. Kila kinachobaki mle ndani, kuna mtu alikiacha kibaki. Katazame tena."

Nimekaa na swali hilo kama kokoto kwenye kiatu. Kwa nini alikiacha?

Alhamisi, 20 Machi

Nimemuuliza Baba kwa nini alisita. Akasema mkono ulichoka. Akaniuliza kama nimemaliza hesabu zangu.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimeona kitu, na lazima nikiandike polepole.

Nilikwenda onyesho la alasiri peke yangu. Watu walikuwa wachache. Filamu ilipofika katikati mvua ikaja, si mvua ya kawaida, ya kumwaga kama iliyosikia ule wimbo wa "Mwaga!" Paa la bati likanguruma mpaka hatukusikia neno. Vichekesho vya Bwana Jela vikabaki mdomo unaofunguka na kufungika. Wengine walinung'unika, mama wa tiketi akaonyesha kwa mikono kwamba hana la kufanya, yeye si mwenye mawingu.

Basi mimi nikatazama tu. Bila maneno huna pa kutazama ila miili. Bwana Jela alikuja mbele ya mstari wa wafungwa. Akasimama, uzito wote kwenye mguu wa kushoto. Akasukuma kofia nyuma kwa kidole kimoja. Kabla ya kufungua mdomo aligusa kiunoni, mahali funguo zinaponing'inia, kama mtu anayehakikisha mwili wake uko kamili. Kisha akampita mfungwa mmoja mmoja bila kugeuza kichwa, macho tu.

Nikahisi baridi, nikadhani mvua inavuja juu yangu. Haikuwa inavuja. Ni kwamba mtu yule namjua. Namjua tangu nilipojua kutembea. Ndivyo anavyosimama anapokagua madaftari yangu. Ndivyo anavyogusa kiuno, ingawa sasa hapana funguo pale, pana mkanda tu. Bwana Jela ni Baba.

Na Baba mwenyewe yupo kwenye mstari, kavaa nguo za mfungwa, anapitwa na yeye mwenyewe.

Sikungoja ndoo. Nilitoka, nikarudi nyumbani nimelowa chepechepe. Mama aliuliza kama filamu ilikuwa nzuri. Nikasema sikusikia kitu.

Jumapili, 23 Machi

Nimemtazama Baba kutwa nzima, mpaka akaniuliza kama ana kitu usoni. Mguu wa kushoto. Kidole kimoja. Kiuno.

Jumatatu, 24 Machi

Baada ya shule nilikwenda kwa fundi viatu. Kiatu changu cha kulia kilikuwa kimefunguka mdomo kweli, sikudanganya. Kibanda chake kinanuka gundi na ngozi, na amebandika kipande cha gazeti palipoandikwa sifa zake, juu ya kalenda.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kumwona Bwana Jela au fundi viatu? Bwana Jela anatoza zaidi."

Nikampa kiatu. Akakigeuza, akakinusa kwa mzaha, akakaza uso. "Hiki kinahitaji daktari." Akaanza kukishona. Nikajipa moyo.

"Fundi, ule mwendo wa Bwana Jela ulijifunza wapi?"

Sindano ilisimama. "Wewe ni binti wa nani?"

"Wa mfungwa wa ndoo."

Akashona tena, lakini polepole. "Basi unajua nilikojifunza. Umekuja kuhakikisha tu."

Akanieleza, na hakunieleza kwa ubaya. Alifungwa akiwa kijana, kwa wizi, na anasema hakuonewa: aliiba. Gereza lilikuwa mbali na hapa na mimi sijazaliwa. Kazi yake ilikuwa kupiga deki ukumbi mrefu wa wafungwa. Kila alipomaliza, askari mmoja alikuja, akasimama kwa mguu wa kushoto, akasukuma kofia, akatazama sakafu inavyong'aa. Halafu akaipiga ndoo teke. Maji machafu yote sakafuni. "Anza upya." Siku nyingine mara moja, siku nyingine mpaka giza.

"Alikuwa anakasirika?" niliuliza.

"Wala! Angekasirika ningemwelewa. Alikuwa anapitisha muda."

Nikaangalia kiatu changu.

"Mwongozaji ana mtindo wake," akasema Fundi. "Aliyekuwa askari anamvisha nguo za mfungwa, aliyekuwa mfungwa anampa kofia. Alitukataza tusiwaambie watu, waje kutazama filamu, wasije kututazama sisi. Mkasa wa ndoo nilimpa mimi. Sikujua atakayeishika ni nani. Siku ya kwanza naingia pale, namkuta amesimama kwenye mstari na namba kifuani. Magoti yangu yalitaka kumpigia saluti."

"Ulimchukia?"

"Binti, wewe unaandika habari za filamu au za mahakama?" Akanirudishia kiatu. "Mdomo umefungwa. Laiti mingine ingekuwa rahisi hivi."

Jumanne, 25 Machi

Sikula vizuri. Baba alinipa kipande chake cha nyama. Nilikila, nikajisikia vibaya kukila, na ningejisikia vibaya kukiacha.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeandika rasimu ya pili kwa pumzi moja. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na ndiyo maana inanitisha. Nimeeleza kila kitu: Fundi alikuwa mfungwa, Baba alikuwa askari wake, ndoo ni ile ile. Nimeandika kwamba Baba hakusahau la kufanya. Alikuwa amesimama juu ya mtu ambaye yeye Baba alimtesa zamani, mtu huyo amevaa sura yake, akajuta, akashindwa. Nimeandika kwamba mhakiki wa gazeti alikisia kinyume: yule aliyemdhani askari wa kweli ndiye aliyefungwa, na yule aliyemwona hajui jela ndiye aliyeshika funguo zake.

Ikichapishwa, hakuna atakayemcheka tena Baba kwa kuigiza vibaya. Mwongozaji atamchukua kwenye filamu ya pili. Lakini kila mtu mtaani atajua alikuwa mtu wa namna gani. Nikiinyamazia, Baba anabaki mwigizaji mbovu na mzee mzuri.

Nimemuuliza Kasuku, bila kutaja majina, kipi kibaya zaidi, mtu kuonekana mjinga au kuonekana katili.

"Inategemea," akasema. "Ni mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa."

"Basi mwulize mwenyewe. Wakubwa hawapendi kuchaguliwa."

Kwa mara ya kwanza Kasuku amesema jambo fupi.

Jumamosi, 29 Machi

Nilimsomea Baba. Tulikuwa sebuleni baada ya chakula cha mchana, mvua imepumzika, Mama anashona vifungo. Niliomba ruhusa nisome kazi yangu ya shule. Akakaa vizuri, mikono magotini, kama anavyokaa mbele ya wageni.

Nilipofika kwenye teke la ndoo, Mama aliacha kushona. Baba hakusogea. Nilisoma mpaka mwisho, sikukohoa popote.

Kisha Baba akasema, "Nilimtambua kabla hajavaa kofia. Mwongozaji alimwambia, 'Tembea kama askari unayemkumbuka.' Akatembea. Nikajiona napita."

"Ukafanya nini, Baba?"

"Nifanye nini? Nilikaa mstarini kama nilivyoamriwa. Wakati wa mapumziko akanifuata. Nikasema sasa hapa ni matusi au ngumi. Akaniuliza, 'Afande, kofia naisukuma sawasawa?' Nikamwambia kidole kimoja, si viwili." Alijaribu kucheka. "Nilimfundisha. Mtu anakuiga ubaya wako, na wewe unamsahihisha."

"Na mimi mbona hukuniambia?" aliuliza Mama.

"Ungesemaje?"

Mama alikata uzi kwa meno. "Ningesema mimi niliolewa na yule wa kofia. Huyu wa ndoo amehamia hapa juzi tu, bado namzoea."

Baba alitazama chini. Nikaogopa kwamba tumemwumiza, lakini alininyooshea mkono. "Lete karatasi."

Akasoma mwenyewe, bila kutaja ukungu wa miwani. Akaweka kidole kwenye neno moja. "Hapa umeandika nilijuta. Nani amekuambia?"

"Nilidhani..."

"Hujui. Mimi mwenyewe sijui. Ningekuwa nimejuta si ningekwenda kibandani kwake nikamwambia? Mwezi mzima napita upande wa pili wa barabara. Pale ulichokiona ni mtu ameshika ndoo na hakuimwaga alikotakiwa. Andika hicho. Usinivishe joho ambalo sijalishona."

"Na mengine, Baba? Ya zamani?"

"Ya kwangu, andika. Lakini nusu yake ni ya yule bwana. Alifungwa, akatoka, akajenga jina. Jina lake si langu la kutoa, wala si lako."

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nimepima aibu ya Baba peke yake, na Fundi nimemtumia kama mizani.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwonea Baba hasira leo, kwa ajili ya kijana mwenye deki. Jana sikuweza kwa sababu alikuwa mnyoofu mno. Leo alikaa tu, akisikiliza redio iliyokwisha betri, nikamkasirikia. Jioni akanisaidia kufunika daftari kwa karatasi ngumu, kona zimenyooka kabisa. Nadhani mtu anaweza kuwa wote wawili, lakini sijui wanalalaje kwenye kitanda kimoja.

Jumanne, 1 Aprili

Nilipita kwa Fundi. Nikamwambia ukweli: nimeandika habari zake bila kumwomba.

"Umeandika nilikuwa mwizi?"

"Ndiyo. Sijampa Mwalimu."

Akapiga msumari, akapiga mwingine. "Wateja wangu wananiachia viatu vya harusi. Wananiachia mikoba. Wanajua mimi fundi." Akanitazama. "Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Ila mwendo uandike. Mwendo uko kwenye pazia, kila mtu amelipia kuuona. Wasiouona, shauri yao."

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemaliza rasimu ya tatu. Hakuna jela ya kweli ndani yake, wala baba, wala fundi. Nimeandika nilichokiona siku ile bati lilipomeza maneno: kwamba mfungwa wa ndoo na Bwana Jela wana mwili mmoja. Mguu ule ule, kiuno kile kile. Na nimekumbuka onyesho la kwanza: mfungwa anapoinua ndoo, uzito wake uko kwenye mguu wa kushoto, na mkono wake mwingine unagusa kiunoni ambako hana funguo. Kwa hiyo aliye juu ya shimo anafanana na aliye ndani yake, na tunapopiga kelele "Mwaga!" hatujui tena tunataka nani alowe. Nimeandika kwamba anasimama wima mno kuwa mfungwa, mhakiki wa gazeti aliona sawa, lakini hakuuliza wima ule umetoka wapi. Nimeandika kwamba nami nilipiga kelele.

Ni fupi kuliko ya pili. Sijui kama ni bora. Naamini ni kweli.

Jumanne, 8 Aprili

Mwalimu amenirudishia. Chini ameandika: "Haya sikuyaona, na filamu niliitazama. Nakwenda tena Jumamosi." Atalipelekea gazeti mwenyewe. Kasuku alinibeba mgongoni mpaka getini, tukaanguka matopeni.

Nimemwambia Baba. "Mwalimu kasema hivyo?" Akaniomba nimrudie. Nikamrudia. Baadaye nikamsikia anamwambia Mama, neno kwa neno, kama kwamba Mama hakuwapo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mwongozaji ametuma salamu: Jumamosi ni onyesho la mwisho, waigizaji wote waje. Ya filamu ya pili hakusema. Baba kasema haendi.

Ijumaa, 11 Aprili

Bado haendi.

Jumamosi, 12 Aprili

Alikwenda. Mama alichukua mwavuli, mimi nikavaa viatu, na Baba, aliyekuwa amekaa tangu asubuhi na shati la ndani, akasema, "Mnaniacha na nani?" Akatufuata akifunga vifungo barabarani.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu alikuwa mstari wa tatu, na kalamu. Tukapata viti pembeni, na kiti kimoja kando ya Baba kikabaki wazi. Taa zilikuwa zimeshazimwa Fundi alipoingia akiinama. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na kiti kingine.

"Afande," akasema.

"Karibu," akasema Baba, akasogeza magoti.

Walikaa hivyo filamu nzima, mabega yanagusana, hawasemezani. Watu walicheka palepale wanapocheka siku zote. Wao wawili hawakucheka hata mara moja. Sikutazama pazia, niliwatazama wao.

Ndoo ikafika. Ukumbi ukasimama. "Mwaga! Mwaga!" Baba alibaki amekaa, na Fundi alibaki amekaa, migongo ya watu imewafunika, hawakuona kitu. Ndipo Baba alipomgeukia. Ilimbidi apaze sauti, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Ile sakafu ilikuwa inang'aa," akasema. "Kila siku ilikuwa inang'aa. Niliona."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu, mrefu kuliko ile ndoo inavyokaa hewani.

"Nilijua umeona, Afande," akasema. "Ndilo lililonichoma."

Baba akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza jambo la kazi, "Ungekuwa wewe umeishika leo, ungeimwaga?"

"Ndoo mbili," akasema Fundi.

Wakatazamana. Sijui nani alianza. Nilimwona Baba anafunika uso kwa mkono, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinamtikisa, na Fundi naye kakunjama kwenye kiti chake akipiga goti, wanakohoa, wanashikana mikono ili wasianguke, wakati huohuo ukumbi wote mbele yao unasema "Aaah!" kwa masikitiko. Mwalimu aligeuka kuona ni akina nani wanaocheka mahali pasipochekesha. Akawatazama sana, akainama, akaandika kitu.

Mimi daftari sikuwa nalo.